Herufi Iliyoliwa na Mshono

Kila baada ya miaka mitano wakubwa hugundua ghafla kwamba wananchi wako uchi, nao huharakisha kuwavisha fulana. Uchaguzi ukipita, wakubwa hurudi kwenye shughuli zao na wananchi hubaki na fulana, ambazo kwa heshima zote haziwezi kuvaliwa mahali popote penye watu wanaojiheshimu.

Katika nyumba ya Tarishi fulana hizo zilikuwa kumi na tisa. Tarishi alifanya kazi katika ofisi ya Mheshimiwa, akipeleka barua asizozisoma kwa watu wasiozijibu, na kwa hiyo aligawiwa nyingi kuliko majirani. Kila fulana ilikuwa na uso wa Mheshimiwa akitabasamu kama mtu anayepigwa picha bure. Chini ya uso, kwa herufi nyekundu za ukubwa wa kiganja, palikuwa na neno moja: HATAWASAHAU.

Moja ilipigiwa deki. Moja iliziba upenyo chini ya mlango wakati wa mvua. Moja Bibi, mama mzazi wa Tarishi, aliivaa usiku, na kila asubuhi aliamka na Mheshimiwa kifuani, jambo ambalo alisema marehemu mumewe asingelivumilia hata siku moja. Zilizobaki zilikuwa katika gunia nyuma ya kabati, zikisubiri matumizi.

Matumizi yalikuja siku serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Asubuhi moja soko zima liliamka bila kitu cha kubebea. Watu walibeba nyanya kwenye kofia. Mwalimu mkuu mmoja alionekana akivuka barabara na vitunguu mifukoni mwa suruali, amevimba mapajani kama kuku wa maonyesho.

Mke wa Tarishi alikuwa fundi cherehani. Alitazama gunia, akatazama soko, akachukua mkasi.

Kazi yenyewe ni nyepesi, na mtu yeyote mwenye fulana na subira anaweza kuifanya. Unakata mikono yote miwili kwa kufuata mshono. Unaitanua shingo kwa mkasi mpaka iwe duara la bakuli kubwa. Mabega yaliyobaki ndiyo mishikio. Unaigeuza fulana ndani nje, unaifunga chini kwa mishono miwili kwa sababu chini ndiko kunakobeba uzito, kisha unaigeuza tena. Mfuko umekamilika, na hauulizi ulikuwa nani jana.

Tatizo lilikuwa upana. Fulana zilishonwa kwa kukisia tumbo la Mheshimiwa mwenyewe, kwa hiyo ilibidi zipunguzwe ubavuni. Na hapa lazima isemwe bila kuficha: Fundi alikuwa na desturi ya kupunguza upande mmoja tu. Aliwaambia wateja kwamba ukipunguza upande mmoja umepunguza pande zote mbili, na hakuna aliyekuwa na hesabu ya kumbishia. Uzi ulitumika nusu, muda ulitumika nusu, na nusu ya mtaa ilitembea na zipu za suruali zilizohamia karibu na nyonga. Watu walikuwa wamezoea. Wanaume wengine walisema inasaidia.

Sasa, waliochapisha zile fulana walikuwa na haraka ya kampeni, na maandishi yao yalianzia ubavuni kabisa. Fundi alishona fulana zikiwa ndani nje, akiona mshono tu. Zilipotoka mikononi mwake zilipokewa na Bibi, aliyezigeuza kwa mwiko na kuzikunja. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho kila upande, na alipenda kusema kwamba hao ndio watoto wake wawili waliokataa kuhama nyumbani. Kwake uso wa Mheshimiwa ulikuwa ukungu, na maandishi yake yalikuwa ukungu mwekundu.

Kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba mshono ulikuwa umekula herufi ya kwanza. Kuna lugha ambazo herufi moja ikipotea neno huchechemea tu na safari inaendelea. Katika Kiswahili, H ile peke yake ndiyo iliyokuwa imesimama kati ya ahadi na matusi. Mifuko ilitoka nyumbani kwa Tarishi, mmoja baada ya mwingine, ikiwa imeandikwa chini ya tabasamu la Mheshimiwa: ATAWASAHAU.

* * *

"Fundi, hii mifuko yako ni ya ukweli!" alisema Mama Vitunguu, aliyekuwa na meza ya kwanza pale sokoni na sauti iliyofika meza ya mwisho.

"Asante, dada. Nimeipiga mishono miwili chini."

"Mishono tumeiona. Mimi nazungumzia ukweli."

"Ndiyo hivyo. Sipendi kazi ya uongo."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa shela. Fundi naye alicheka, kwa kuwa mtu anayesifiwa na wengi hana sababu ya kununa. Gunia lake lilikwisha siku ya kwanza. Siku ya pili wanawake walileta fulana zao wenyewe, zilizokuwa zikifunika mitungi na mabanda ya kuku, wakaomba wapunguziwe. Mmoja alisisitiza kwa kidole: "Upande huuhuu, Fundi. Usije ukabadilisha upande." Fundi alirudi nyumbani akimwambia Bibi kwamba hatimaye watu wameanza kuelewa mtindo wake.

* * *

Ofisini kwa Mheshimiwa mambo yalikuwa mazito. Juu ya meza ya Katibu palikuwa na mfuko mmoja, umelazwa chali kama maiti inayosubiri daktari. Katibu, mwanamume mwembamba aliyependa muhuri kuliko chakula, aliuzunguka mara mbili.

"Hii ni kazi ya wapinzani," alisema. "Wamelipia. Kuna mtaalamu wa saikolojia nyuma ya jambo hili."

Tarishi alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Aliutazama mfuko. Aliuona uzi wa kijani, uzi uleule uliokuwa ukining'inia kwenye kitasa cha mlango wa nyumbani kwake, akarudi nyuma hatua moja.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Kwa miaka tisa Tarishi alikuwa mfanyakazi wa muda. Muda huo ulikuwa umeanza mtoto wake wa kwanza akiwa tumboni, na sasa mtoto huyo alikuwa anamkosoa sarufi. Juu ya meza ya Mheshimiwa, ndani ya faili la bluu, ilikuwapo barua ya kumwajiri moja kwa moja. Ilikosa sahihi tu. Barua hiyo ingeleta kadi ya matibabu, na kadi ingempeleka Bibi hospitali ya macho, ambako walikwisha kusema wazi kwamba bila kadi wangeweza kumtibu kwa maombi tu. Mheshimiwa alisema angesaini Jumatatu, baada ya sherehe ya Jumamosi.

"Angalia ushonaji huu," Katibu aliendelea. "Amepunguza upande mmoja. Mfuko umekwenda mrama. Fundi gani duniani anapunguza upande mmoja?"

Alipokuwa akiuliza hivyo, macho yake yalishuka, yakasimama kwenye suruali ya Tarishi. Yaliifuata zipu kutoka mahali ilipopaswa kuwa hadi mahali ilipokuwa.

Akausukuma mfuko pembeni.

"Nani anakushonea nguo, Tarishi?"

"Ni… ni mtu wa nyumbani, mkuu."

"Mtu wa nyumbani yupi?"

"Yule… wa kudumu."

* * *

"Umenimaliza, mama watoto!" Tarishi alilia akiingia, hata viatu hajavua. "Umenikata na mkasi wako!"

Fundi alikuwa na pini nne mdomoni. Alizitoa moja moja, kwa sababu ugomvi ni ugomvi lakini pini ni pini.

"Nimefanya nini?"

Tarishi aliugeuza mfuko uliokuwa mezani, akaweka kidole chini ya neno. "Soma!"

Fundi alisoma. Akasoma tena. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Tarishi alidhani analia mpaka aliposikia sauti.

"Unacheka? Barua yangu iko mezani kwa yule mtu, na wewe unacheka?"

"Samahani, baba watoto. Sikuiona. Mimi huangalia mshono." Akajifuta macho. "Kumbe ndiyo maana walikuwa wanasema ya ukweli."

"Imeandikwaje?" Bibi aliuliza kutoka kwenye mkeka wake.

"Imeandikwa atatusahau, mama."

Bibi alifikiri. "Na kosa liko wapi?"

Kabla hajajibiwa, mlango uligongwa na Katibu akaingia bila kukaribishwa, akifuatwa na dereva aliyebeba magunia matatu. Chumba kilikuwa kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na Katibu alisimama katikati yake akitafuta mahali pa kukanyaga pasipo na nguo. Hapakuwapo. Alikanyaga mkono wa fulana, akajikuta amesimama juu ya shavu la Mheshimiwa. Akaruka.

"Wewe mama ndiye fundi?"

"Ndimi. Karibu, kaa."

"Sikai." Hapakuwa na kiti pia. "Unajua umefanya nini? Umeibadilisha sera ya Mheshimiwa kwa uzi wa kijani!"

"Rangi ningeweza kubadilisha kama mngesema."

"Nyamaza! Jumamosi Mheshimiwa anaweka jiwe la msingi la choo cha soko."

"Si aliliweka miaka mitano iliyopita?" Bibi aliuliza.

"Anaweka tena," alisema Katibu. "Lile lilikuwa la awali. Sasa sikilizeni. Kwanza, mifuko yote ya zamani irudi hapa, uishonee H mpya. Pili, haya magunia ni fulana za mwaka huu, zenye neno jipya. Mimi mwenyewe nimelibuni." Akachomoa moja, akaitandaza kifuani pake. Uso uleule, umeongezeka kidevu kimoja, na chini yake: ATAWAKUMBUKA. "Mnaona ufundi? Hakuna ukanushi. Hata ukikata mbele, hupati tusi. Hizi nazo zigeuze mifuko. Mheshimiwa atazigawa kwa mikono yake."

"Na malipo?" Fundi aliuliza.

Katibu alimtazama kama mtu aliyesikia cherehani ikizungumza. "Malipo yako ni mumeo kuendelea kuingia ofisini."

Fundi alifungua mdomo, akamwona mumewe anamkonyeza kwa uso mzima, akaufunga. "Sawa. Ila hiyo H, mkuu, nadhani inafaa…"

"Mama, kazi yako ni kushona. Si kusoma, si kudhani. Tumefika hapa kwa sababu yako." Akatoa karatasi, akaandika akiegemea ukuta, akaitoboa kwa nukta ya mwisho, kisha akatoa muhuri mfukoni na kuugonga. Akamkabidhi Tarishi. Karatasi ilisema: *Mifuko YOTE itakayotoka katika nyumba hii iwekwe herufi H mbele ya neno. Bila kubagua.*

Alipoondoka, Fundi aliokota fulana iliyokanyagwa, akaipangusa vumbi. Si kwa sababu ya uso. Ilikuwa kitambaa kizuri.

* * *

Kumnyang'anya mwanamke mfuko sokoni ni kazi inayohitaji jeshi. Tarishi alitumwa peke yake.

"Shemeji!" Mama Vitunguu alimpokea kutoka mbali. "Leo umekuja kununua au kupora?"

"Nimekuja kuomba mifuko, shemeji. Ina hitilafu ndogo."

"Hitilafu gani? Mimi wangu unabeba vizuri."

"Ya maandishi."

"Maandishi yangu hayana hitilafu. Nimeyachunguza miaka mitano." Soko likacheka. "Jamani, nani kwenu ana mfuko wenye maandishi ya uongo? Shemeji anautafuta."

Tarishi alizunguka meza hadi meza. Kila mahali walimwita shemeji, na kila shemeji ilikuwa na mwiba wake. Mmoja alimwambia angetoa mfuko kama Tarishi angemwonyesha choo kilichowekewa jiwe la msingi mara ya kwanza, kwa sababu ana haja tangu mwaka ule. Mwingine alisema mfuko wake utarudi ukisahaulika. Mwisho alisimama mbele ya Mama Vitunguu, jasho likimtiririka, zipu ikiwa nyongani.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "wasiponipa mifuko sipati barua. Nisipopata barua mama hapati macho."

Mama Vitunguu aliacha kucheka. Alimwaga vitunguu vyake juu ya meza, akampa mfuko mtupu. Kisha akageuka na kupaaza ile sauti ya meza ya kwanza mpaka ya mwisho: "Mpeni! Ni kwa ajili ya Bibi. Si kwa ajili ya yule mwenye mashavu!"

Mifuko ilirudi, ikinuka pilipili, dagaa na udongo. Tarishi aliibeba mgongoni akipita barabara kuu, nyuso za Mheshimiwa zikichungulia kutoka kwenye furushi kila upande.

* * *

Ijumaa nzima cherehani haikupumzika. Fundi alikata H kutoka kwenye vitambaa vilivyobaki: nyeusi, za maua, moja ya madoadoa iliyokuwa sidiria ya zamani. Alizishona mbele ya ATAWASAHAU, na Mheshimiwa akarudi kwenye msimamo wake wa awali, mfuko baada ya mfuko. Tarishi aliomba ruhusa ofisini ili asimamie. Kusimamia kulikuwa kukaa juu ya ndoo na kusoma karatasi yenye muhuri kwa sauti.

Mchana waliimaliza mifuko ya zamani. Fundi alifungua magunia mapya, akashona chini, akakata shingo. Mfuko wa kwanza ulipokamilika, aliutandaza juu ya paja akautazama.

"Hii haihitaji H," alisema.

"Nini?"

"Imeandikwa atawakumbuka. Nikiweka H itakuwa hatawakumbuka. Tutakuwa tumerudi kulekule kwa mlango wa nyuma."

Tarishi aliinua karatasi. "Yote. Kwa herufi kubwa. Bila kubagua."

"Alikuwa anazungumzia ya zamani, baba watoto."

"Wewe ulikuwa ndani ya kichwa chake? Imeandikwa itakayotoka katika nyumba hii. Hii inatoka wapi? Kanisani?"

"Soma neno lenyewe! Wewe hukusoma shule?"

"Miaka tisa nimepeleka barua," Tarishi alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda, "miaka tisa sijafungua hata moja. Wenzangu waliofungua wako wapi? Aliyeuliza kwa nini, yuko wapi? Mimi nipo. Mtu mmoja alifikiri katika nyumba hii, akafikiria fulana kuwa mifuko, na ona tulipo! Umeambiwa kazi yako ni kushona, si kusoma. Shona!"

Neno lilitoka na halikuweza kugeuzwa ndani nje. Bibi aliacha kukunja. Fundi aliuondoa mguu kwenye cherehani, akamgeukia mumewe. Alikuwa amemshonea suruali, mashati, na kwa namna fulani hata heshima, na sasa alikuwa ameambiwa na mtu wa nyumbani maneno yaleyale ya mtu wa ofisini.

"Umesema nishone?"

"Shona."

"Bila kusoma?"

"Bila kusoma!"

"Mama, wewe ni shahidi."

"Mimi sioni," alisema Bibi, "lakini nasikia vizuri sana."

Basi Fundi akashona. Alishona kwa uzi imara, mishono mitatu badala ya miwili, H nzuri zenye miguu iliyonyooka, mbele ya ATAWAKUMBUKA, hadi magunia matatu yakaisha. Hakusema neno. Mtu aliyepita nje angedhani ni nyumba yenye amani.

Jioni Katibu alikuja kukagua. Alikuwa na haraka ya mkutano. Alivuta pembe ya mfuko wa kwanza: H. Wa pili: H. Wa tatu: H. Hakukunjua hata mmoja.

"Mnaona?" alisema. "Mtu akielekezwa anaweza."

* * *

Jumamosi palikuwa na hema, zulia jekundu, vipaza sauti viwili na shimo. Pembeni ya shimo lilisimama jiwe la msingi la miaka mitano iliyopita, lililokuwa limeanikiwa soksi. Ziliondolewa kwa heshima zote za itifaki.

Mheshimiwa alihutubia kwa saa moja na robo kuhusu umuhimu wa choo, mbele ya watu ambao robo ya mwisho walikuwa wanauhisi wenyewe. Kisha Katibu akafungua magunia. Mifuko ikapita kutoka mkono hadi mkono, ya zamani na mipya, na Mheshimiwa akawapa wanawake akiwapiga mabega. "Inueni juu!" Katibu alisema kwenye kipaza sauti. "Mpiga picha aone! Someni wote kwa sauti, moja, mbili, tatu!"

Wanawake waliinua, kila mmoja akasoma wake. Nusu ya soko ikapaza: "HATAWASAHAU!" Nusu nyingine ikapaza: "HATAWAKUMBUKA!"

Wanawake wakageuzageuza mifuko, wakasomeana. Mama Vitunguu alikuwa na yote miwili, mmoja kila mkono, akaipima kama mizani.

"Ngojeni nielewe," alisema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Hatatusahau, wala hatatukumbuka."

"Ndivyo ilivyoandikwa, dada!" mtu akajibu kutoka nyuma.

"Basi sisi ni kama hiki choo. Tupo, na hatupo."

Kicheko kililipuka, kikalitikisa hema. Mpiga picha alipiga picha nyingi kuliko alizolipwa. Mheshimiwa, ambaye hakuwa amesoma mfuko wowote, alicheka pamoja na watu, akapunga mkono, na ilichukua muda kidogo kabla ya Katibu kumnong'oneza sikioni. Tabasamu lilibaki usoni pake, lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka ndani yake.

Tarishi alikaa chini, hapohapo, juu ya jiwe la msingi la awali.

* * *

Jumatatu aliitwa. Mheshimiwa alikuwa nyuma ya meza, faili la bluu mbele yake. Katibu alisimama pembeni, amepauka kama karatasi isiyo na muhuri.

"Ni huyu," alisema Katibu. "Yeye na mkewe. Hujuma kamili, Mheshimiwa."

Tarishi hakuwa na utetezi. Alikuwa na karatasi tu. Aliitoa kwenye mfuko wa shati, akaifungua mikunjo minne, akaiweka mezani kwa mikono miwili, kama alivyoweka nyingine zote kwa miaka tisa. Mheshimiwa aliisoma. Akamtazama Katibu. Akaisoma tena.

"Muhuri wa nani huu?"

Katibu alikohoa.

"Na wewe, Tarishi. Hukuona kwamba ukiiweka hiyo H maana inageuka?"

"Mke wangu aliona, Mheshimiwa. Mimi nilimwambia imeandikwa yote."

"Kwa hiyo mlitekeleza neno kwa neno."

"Neno kwa neno, Mheshimiwa."

"Bila kufikiri."

"Bila kufikiri kabisa, Mheshimiwa."

Mheshimiwa aliegemea kiti. Alimtazama Tarishi kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu amjue, kama mtu aliyeokota sarafu ya dhahabu chini ya mkeka wake mwenyewe. Ofisini kwake palikuwa na watu wanaofikiri, na mmoja wao alikuwa amebuni neno ATAWAKUMBUKA.

"Watu kama wewe," alisema polepole, "ni wachache sana." Akafungua faili la bluu, akachukua kalamu, akasaini.

Katibu alipewa karipio la mdomo na kiti kipya.

* * *

Tarishi alikimbia njia nzima. Nyumbani alikuta kazi imejaa: mlangoni palikuwa na wanawake sita, na mikononi mwao fulana za wagombea wa kila rangi.

"Fundi, huyu wangu nipunguzie kidogo," mmoja alikuwa akisema. "Tuone naye anasema nini."

Tarishi aliwapita, akaiweka barua juu ya cherehani. "Imesainiwa! Mama watoto, imesainiwa!"

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Hakuzitoa.

"Nilikosea Ijumaa," Tarishi alisema kwa sauti ya chini, akijua kwamba mlango mzima unasikiliza. "Kwa yale maneno."

Pini ya kwanza ikatoka. "Yapi?"

"Ya kushona bila kusoma."

Zikatoka zote. Wanawake mlangoni waliitazama mbingu kwa adabu.

"Kwa hiyo nitatibiwa?" Bibi aliuliza.

"Utatibiwa, mama! Imeandikwa humu!"

"Wewe nimeshakusikia. Asome anayesoma."

Fundi aliitandaza barua chini ya sindano, pale anapotandaza kitambaa, akapitisha kidole juu ya mistari herufi kwa herufi, kutoka ukingo hadi ukingo. Aliukuta mstari aliokuwa akiutafuta. "Imeandikwa: mama yake mzazi atatibiwa macho kwa gharama za ofisi."

"Mbele ya hilo neno, atatibiwa, pana nafasi?"

Fundi aliinama zaidi. "Ipo, mama. Inatosha herufi moja."

"Basi funga mlango," Bibi alisema, "uilete kalamu kabla Katibu hajaiona hiyo nafasi."

Fundi hakufunga mlango. Alichukua kalamu mbele ya wote sita, akaijaza ile nafasi kwa mstari mnene mweusi, akaurudia mara mbili, na alipomaliza hata sindano isingepata pa kupenya.